Bi Vernell Hafungui Kamba

Bi Vernell Stribling alikuwa mtu wa kusema hapana. Alimwambia hapana mchumba wake wa kwanza, aliyekuwa na gari jipya na jino la dhahabu. Alimwambia hapana mchungaji aliyetaka kumhamishia sauti ya pili katika kwaya. Na alipofikisha miaka sabini na moja, daktari alipomshauri apunguze chumvi, alimkazia macho mpaka yule daktari akajifanya anatafuta kitu mezani. Watu wa Quitney husema mama huyu alizaliwa akitikisa kichwa.

Quitney yenyewe ni mji mdogo wa Delta ya Mississippi, mashamba ya pamba na soya pande zote, makanisa matano, na duka moja tu la chakula. Duka ni la Bi Vernell. Ni chumba kimoja cha mbao kando ya reli isiyopitiwa na treni, chenye friji mbili zinazonguruma na kaunta iliyomeguka pembe. Duka linalofuata lenye mboga mbichi liko maili ishirini na mbili, na nusu ya watu wa Quitney hawana gari. Wengi wao hununua kwa kadi ya serikali ya msaada wa chakula. Ukiiondoa kadi ile, pale hakuna duka, kuna kibanda tu na mama mzee ndani yake. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nitakayoyasimulia ni ugomvi wa majani.

Lakini majani yenyewe lazima niyaeleze. Kuanzia baridi ya kwanza mpaka mwezi wa tatu, Bi Vernell huuza mboga kwa mafungu. Kila fungu lina vitu vitatu: sukuma wiki kwa ajili ya shibe, majani ya haradali kwa ajili ya ukali, na majani ya tanipu kwa ajili ya utamu kidogo wa kupatanisha hivyo viwili. Huyachuma kwenye kiwanja chake nyuma ya duka, huyafunga kwa kamba moja ya katani, na huyauza dola tatu. Unayapika pamoja na mifupa ya shingo ya nguruwe mpaka nyumba nzima inukie, unakula na mkate wa mahindi, na mchuzi unaobaki unaunywa kwenye kikombe. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake, na hakuna mtu Quitney aliyewahi kupika jani moja bila wenzake.

Ukutani juu ya mafungu hayo kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNGU HALIVUNJWI. Sababu ni rahisi. Ukiwaacha watu wachambue, wa kwanza watabeba sukuma yote, na wa mwisho atabaki na haradali tupu. Na wa mwisho siku zote ni yule anayekuja kwa miguu. Bi Vernell alikuwa ametembea kwa miguu nusu ya maisha yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwuliza mara mbili.

Kila Jumatano saa nne asubuhi aliingia dukani mdogo wake, Ozella. Aliingia bila salamu, akajaza kikapu, akakiweka kaunta. Bi Vernell alipima, akapiga bei, Ozella akatelezesha kadi yake, akatoka. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na moja. Wateja wengine walinyamaza wakati huo, kama watu wanavyonyamaza mazishi yanapopita.

Mji mzima ulijua kwa nini. Zamani hao wawili walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kambare, ambacho sasa kimefungwa. Vernell alikuwa kiongozi wa mstari wa wakataji samaki, Ozella alikata vichwa vya samaki kwa msumeno. Siku moja ule msumeno, ambao kinga yake ilikuwa imevunjika kwa wiki mbili, ulichukua vidole viwili vya Ozella. Msimamizi akaleta karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema mfanyakazi aliondoa kinga mwenyewe. Akamwambia Vernell asaini kama shahidi, la sivyo mstari wote wa wanawake kumi na tisa utarudishwa nyumbani. Vernell akasaini. Ozella hakupata hata senti ya fidia, wala hakuonyeshwa ile karatasi. Aliisikia ikisomwa na mtu mwingine. Miezi minne baadaye Vernell aliacha kazi, akavua buti za mpira akaziweka juu ya meza ya msimamizi, zikiwa bado na damu ya samaki. Lakini hapana hiyo ilikuwa imechelewa, na yeye alijua kuliko mtu yeyote.

Hapana zote zilizofuata, nadhani, alizisema kulipia sahihi ile.

*

Barua ya masharti mapya ya kadi ya chakula ilifika mwezi wa Novemba. Kila duka linalopokea kadi liwe na vyakula vya makundi manne: nyama na samaki, maziwa na jamii yake, nafaka, mboga na matunda. Katika kila kundi ziwepo aina saba. Bidhaa za kila aina zionekane tatu rafuni siku yoyote mkaguzi atakapoingia. Chipsi, soda na peremende hazihesabiwi. Duka litakalopungukiwa litafungiwa kadi, na halitaruhusiwa kuomba tena kabla ya miezi sita.

Bi Vernell aliisoma amesimama. Kisha akaisoma tena amekaa, na hilo lilikuwa jambo la kutia wasiwasi.

Alijitahidi, na anayesema hakujitahidi ni mwongo. Alipanga upya rafu zote kwa mikono yake. Alileta shayiri, alileta dagaa wa kopo, alileta jibini ambalo jina lake hakuweza kulitamka. Kwenye kundi la maziwa alikwama kwenye aina ya saba, mpaka akaambiwa kwamba maziwa ya soya yanahesabiwa. Akaagiza paketi tatu. Shemasi Tolliver, aliyekuwa dereva wa trekta kabla ya magoti kumgomea na ambaye sasa kazi yake ni kukaa karibu na hita ya duka, aliigeuza paketi moja huku na huku.

"Haya yametoka kwa ng'ombe gani?"

"Yametoka kwenye soya, Shemasi."

"Nimelima soya miaka arobaini," akasema Shemasi, "sijaona hata moja yenye chuchu."

Kwenye kundi la mboga na matunda hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Viazi vitamu, vitunguu, kabichi, ndizi: hizo nne. Sukuma, haradali, tanipu: hizo tatu. Nne na tatu ni saba, hata mtoto anajua.

Mkaguzi alikuja Jumanne moja ya mwisho wa Januari. Jina lake lilikuwa Pruett, mtu wa makamo mwenye uso wa uchovu, kofia kichwani na tableti mkononi. Alikuwa ametumwa na kampuni iliyotumwa na ofisi iliyotumwa na Washington, kwa hiyo alijua maswali yote bila kujua sababu ya hata moja. Alihesabu nafaka akaridhika. Alihesabu maziwa, akaipiga picha ile ya soya kwa heshima kubwa. Halafu akafika kwenye mboga.

"Viazi vitamu, moja. Vitunguu, mbili. Kabichi, tatu. Ndizi, nne." Akainua fungu la majani. "Na hii, tano."

"Tano, sita, saba," akasema Bi Vernell, akigusa jani moja moja.

"Ni kitu kimoja, mama. Kamba moja, bei moja."

"Mimi si mama yako. Mama yako angekufundisha kuvua kofia ndani."

Pruett akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Sawa, bibi. Mtu akija akataka sukuma peke yake?"

"Hapati."

"Hata akiomba?"

"Akiomba namwonyesha ukuta."

Pruett akatazama kibao, akakipiga picha. Na hapo ndipo Bi Vernell alipojichimbia shimo, kwa sababu alijibu kwa fahari swali lililotaka kujibiwa kwa akili. Mtu wa mahali pengine popote angenusa hatari. Lakini mtu wa Quitney ukimwuliza kama fungu linavunjwa, anadhani unampima adabu.

Pruett aliangalia mlangoni, kisha akashusha sauti. "Sikiliza, bibi. Sijakagua friji ya nyama. Itanichukua dakika kumi. Nikirudi hapa nikikuta mafungu ya aina tatu, kila moja na kamba yake, nitapiga picha nitakachokikuta."

Shemasi Tolliver aliinuka kwenye kiti, magoti na yote, akanyoosha mkono kwenye majani.

"Yaache," akasema Bi Vernell.

"Bi Vernell, ni kamba tu."

"Nimesema yaache."

Mkaguzi aliporudi, mafungu yalikuwa pale pale. Akauliza kwa nini, na sauti yake haikuwa ya kazi tena, ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa.

"Kwa sababu ukishaondoka nitayafunga tena," akasema Bi Vernell. "Sasa hiyo picha itakuwa ya duka la nani?"

*

Jibu lilifika baada ya wiki mbili. Aina tano zimeonekana, saba zinatakiwa. Kununua machungwa leo hakungebadilisha kilichoonekana siku ile. Hilo liliandikwa wazi, kama vile wanamjua. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Kulikuwa na fomu ya maelezo yenye sentensi iliyokwisha kuchapwa: *Mteja wa duka hili anaweza kununua kila aina peke yake, naye hununua.* Chini yake nafasi ya sahihi. Pamoja nayo, risiti ya mauzo ya kila aina. Mwisho wa kupokea, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo mashine ya kadi itazimwa.

Bi Vernell aliikunja fomu akaiweka chini ya mizani, akaendelea kufunga mafungu.

Habari ilienea kabla maji hayajachemka. Jumatano asubuhi duka lilijaa watu ambao hawakuja kununua. Walikuwa na suluhisho tayari, na kwa kweli halikuwa gumu.

"Dada, mimi nanunua haradali," akasema Bi Claudine Peeks, mpishi wa shule, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watoto mia mbili. "Huyu ananunua sukuma, yule tanipu. Unatupa risiti. Tunakurudishia majani, unayafunga. Umesaini, umetuma, tumemaliza. Mimi nina sufuria jikoni."

"Mtayarudisha," akasema Bi Vernell.

"Tutayarudisha. Nani atakula haradali tupu? Unataka kuniua?"

"Basi hamjanunua."

"Basi mimi sirudishi," akasema Shemasi Tolliver. "Nanunua haradali kihalali kabisa, naipeleka kwa kuku wangu."

"Sahihi yangu haiendi kwa kuku, Shemasi."

Wachache walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Bi Claudine aliweka mikono kiunoni.

"Vernell Stribling, hebu nikuulize. Mama Hattie pale nyuma ya kanisa ana miaka themanini na nane. Kadi ikizimwa, atakwenda maili ishirini na mbili na nini? Na ile nyonga yake mbovu? Sisi tunakufa njaa ili wewe ubaki msafi?"

Maneno hayo yalimpata. Kwa sababu alikuwa anamwona Mama Hattie akilini, na alikuwa amemwona usiku na mchana kwa wiki mbili, akitembea kando ya barabara na mfuko mkononi. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko mashine ile iendelee kulia.

"Sentensi inasema *naye hununua*," akasema polepole. "Hakuna anayenunua. Hajawahi kutokea mtu. Mnataka niandike kwamba yupo."

"Ni karatasi tu!"

"Najua karatasi tu inafanya nini."

Kila mtu akawa anatafuta mahali pa kutazama. Kwa sababu ilikuwa Jumatano, ilikuwa saa nne, na Ozella alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake.

Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi kuliko dada yake, mwenye koti la kijivu ambalo hata kiangazi alichelewa kulivua. Akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Hakwenda kwenye rafu. Alikwenda moja kwa moja kaunta, akaweka kikapu kitupu, akaweka juu yake mkono wa kushoto, ule wa vidole vitatu.

"Nipe sukuma peke yake," akasema.

Bi Vernell alimtazama. Miaka thelathini na moja alikuwa ameandaa hotuba za kila namna kwa ajili ya siku ambayo sauti hiyo ingesema naye, na katika hotuba zote hizo hapakuwa na sukuma.

"Utaifanya nini?" akauliza hatimaye.

"Unawauliza wateja wako wote?"

"Leo nauliza."

"Nitaipika. Itakuwa mbaya. Na nitaila."

"Usifanye hivi kwa ajili yangu," akasema Bi Vernell.

"Kwa ajili yako?" Ozella alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nina miaka sitini na minane na goti moja zima. Siendi maili ishirini na mbili kununua kitunguu. Mimi ni mteja, nimeomba kitu. Utaniuzia, au utanionyesha ukuta?"

Bi Claudine alifungua mdomo, na Shemasi Tolliver, kwa mara ya kwanza maishani, akamkanyaga mwanamke mguu kwa makusudi.

Bi Vernell akageuka kukitazama kibao chake. Niliwahi kusikia watu wakisema alikuwa anaona haya kwa sababu ya kuvunja sharti lake mwenyewe. Si kweli. Alikuwa na woga. Mtu anayesema hapana maisha yake yote hazoei kuombwa kitu na yule ambaye yeye mwenyewe hana haki ya kumnyima.

Akachukua fungu moja, akaliweka kaunta, akavuta ncha ya kamba. Majani yakalegea. Akatenga sukuma, akapima, akapiga bei ya dola moja. Mashine ikalia, risiti ikatoka.

"Na haya mengine?" akauliza.

"Niwekee kwenye friji. Haradali nitaijia kesho, tanipu keshokutwa. Kila moja risiti yake." Ozella akaingiza sukuma kikapuni. Kisha akawageukia wale watu wote waliosimama pale. "Nyinyi nendeni nyumbani. Aliposaini alichotakiwa kule kiwandani, mlimlaumu. Leo hasaini, mnamlaumu. Mnataka nini na mkono wa huyu mwanamke?"

Wakatoka. Hata Bi Claudine alitoka, shingo upande, akisema kwamba sufuria yake itakuwa imeungua.

*

Alhamisi saa nne Ozella alikuja. Bi Vernell alikuwa ameshaitoa haradali kwenye friji na kuifuta maji.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Mbaya. Kama kula kitambaa."

"Uliweka nyama?"

"Niliweka nyama. Nyama ilikasirika."

Bi Vernell akakohoa kuficha kitu. Akapiga bei, mashine ikalia, Ozella akachukua haradali yake.

Ijumaa alikuja mapema kidogo. Macho yalikuwa mekundu.

"Usiniulize," akasema. "Haradali ile imenitoa machozi mpaka mbwa akatoka nje."

"Na uliimaliza?"

"Nilisema nitakula. Nilikula. Hata mchuzi niliunywa, ili usije ukaniambia sikuumaliza."

Bi Vernell akampa tanipu. Lakini Ozella hakuondoka. Alivuta kiti cha Shemasi karibu na kaunta, akakaa.

"Hiyo tanipu naipika mchana huu na naila kabla ya saa tisa," akasema. "Saini sasa. Nataka nikuone."

Bi Vernell akatoa fomu chini ya mizani. Ilikuwa na alama ya duara ya maji ya samaki. Aliisoma sentensi iliyochapwa, kisha akashika kalamu, na chini yake akaandika kwa mkono wake mzito: *Mteja mmoja ameomba, kwa mara ya kwanza tangu duka hili lifunguliwe. Nimemwuzia. Amekula vyote vitatu na hakufurahi. Wengine wote hununua pamoja kwa sababu pamoja ndivyo wanavyokula, na wataendelea kununua pamoja. Hesabuni majani, msihesabu kamba.*

Kabla ya kusaini akaigeuza karatasi, akaisukuma kwa Ozella.

Hakusema nisamehe, wala hakutaja kiwanda. Wengine watasema ilimpasa kusema. Mimi nasema aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kaunta alielewa vizuri sana kwa nini karatasi ile inasogezwa mbele yake kabla ya wino wa sahihi.

Ozella akavaa miwani. Akaisoma yote, kutoka juu, hata maandishi madogo ya pembeni ambayo hakuna mtu huyasoma. Alichukua muda wake. Alipofika kwenye *hakufurahi* mdomo ukamchezacheza. Akaivua miwani, akairudisha karatasi.

"Amekula viwili," akasema. "Cha tatu bado. Usitume kabla sijala."

"Sitatuma."

"Basi saini. Nikimaliza chakula nitapiga simu."

Bi Vernell akasaini. Alisaini jina lote, Vernell Mae Stribling, kwa herufi za shuleni, kisha akakaa mikono mapajani akiingoja simu. Ililia saa nane na nusu. Sauti upande wa pili ilisema, "Hiyo afadhali," ikakata. Fomu na risiti zikatumwa kwa mashine ya faksi ya ofisi ya kanisa saa nane na dakika arobaini, na Shemasi Tolliver aliisimamia ile mashine mpaka karatasi ya mwisho ikapita, kana kwamba ingeweza kubadili nia.

*

Ofisi haikujibu kwa siku kumi na moja. Katika siku hizo mashine ya kadi iliendelea kufanya kazi, na kila ilipolia watu walishusha pumzi. Bi Claudine alikuja kununua mafungu mawili, hakuomba radhi, akaacha kaunta bakuli la mahindi ya kukaanga lililofunikwa kwa kitambaa. Kwa Bi Claudine hiyo ndiyo radhi.

Jumanne barua ikafika. Ilikuwa mistari mitatu. Maelezo yamepokelewa pamoja na uthibitisho. Aina saba zimekubaliwa. Duka linaendelea kuidhinishwa, na linakumbushwa kwamba linaweza kukaguliwa tena wakati wowote bila taarifa.

"Waje," akasema Bi Vernell, akaipachika barua ukutani, chini ya kile kibao chekundu, ambacho hakukiondoa wala hakukibadilisha herufi.

Kesho yake, saa nne, Ozella aliingia. Alijaza kikapu chake: vitunguu viwili, unga wa mahindi, mifupa ya shingo. Akaenda kwenye mboga, akachagua kwa muda mrefu, akaja kuweka kaunta fungu moja nene, sukuma, haradali na tanipu.

Bi Vernell aliweka kidole kwenye ncha ya kamba.

"Nikufungulie?"

"Thubutu uone, dada," akasema Ozella.